Karani Aandike na Yake: Haki Zetu Tunapobaguliwa Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kanyenye, Tabora)



Twamwomba radhi mapema kila mwanachama atakayeona kwamba tumesema neno alilolijua zamani. Sisi si mawakili. Sisi ni makarani kama ninyi, ambao kazi yetu ni kuandika barua za wengine, kutunza majalada ya wengine, na kuhesabu siku za likizo za wengine. Lakini twaona kwamba wengi wetu, tukipatwa na dhuluma sisi wenyewe, twaisahau kazi ile ile tuliyofundishwa. Hatuandiki, hatutunzi, wala hatuhesabu siku. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Na haki nayo ni mali.

Tumekutana Kanyenye, katika mji uliokuzwa na misafara. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857, waliukuta mji huu wa Unyanyembe, ambao wao waliuita Kazeh, umekwisha kuwa kituo kikubwa cha njia ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Babu zetu wapagazi hawakusoma kitabu cha sheria hata kimoja. Lakini walijua kwamba mzigo hupimwa kabla ya safari, na posho huelezwa kabla ya safari. Na mtu akiongezewa mzigo njiani pasipo haki, aliutua chini mbele ya wenziwe wote ili msafara mzima uone. Walijua kipimo chao. Basi sisi tuliopelekwa shule tukasomeshwa, twakijua cha kwetu?

Kwanza na tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1922 makarani na waalimu Waafrika waliokuwa katika kazi ya Serikali ya Tanganyika waliunda chama chao mjini Tanga, na Martin Kayamba, karani aliyesoma Kiungani kwa wamisionari wa UMCA, alikuwa kiongozi wao. Walikutana Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbalimbali, wakasoma magazeti pamoja na kuzungumza habari za kazi yao. Kayamba mwenyewe alifika London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Silaha ya watu wale haikuwa rungu wala mkuki. Ilikuwa kalamu.

Na ubaguzi waliopambana nao haukujificha. Tume iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948 juu ya watumishi wa Serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilishikilia kanuni iliyojulikana kwa jina la tatu kwa tano. Maana yake ni kwamba mtumishi asiyekuwa Mzungu, hata akiwa na cheo kile kile, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Akilipwa Mzungu shilingi 100, Mwafrika alipwe 60. Hesabu hiyo iliandikwa wazi, ikapigwa chapa, ikawekwa katika masjala, na makarani Waafrika ndio walioifungulia majalada.

Lakini tazameni, ndugu zetu, kwa kuwa iliandikwa, ilionekana. Na kwa kuwa ilionekana, ilipingwa. Watumishi waliweza kuweka kidole juu ya mstari na kusema, "Hapa ndipo tunapodhulumiwa." Tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ikatoa taarifa yake mwaka 1954, na kanuni ile ya tatu kwa tano ikaondolewa, ingawa watumishi waliotoka ng'ambo waliendelea kupewa nyongeza yao mbali.

Siku hizi mambo ni kinyume. Hakuna tena mwajiri atakayeandika katika waraka kwamba mtu wa kabila fulani alipwe pungufu, au kwamba mwanamke mwenye uja uzito asipelekwe mafunzoni. Ubaguzi wa leo husemwa kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa, au haukusemwa kabisa, ila huonekana katika orodha ya majina. Zamani mwenye kubagua ndiye aliyeandika. Leo yeye haandiki. Kwa hiyo yatupasa tuandike sisi. Hilo ndilo neno letu la leo, na yote tutakayosema baada ya hapa ni kulieleza tu.

Yapo mambo ambayo hatupendi kuyasimulia, lakini tumeona tusipoyasimulia hotuba hii itakuwa maneno matupu. Kabla ya kuingia katika kazi tuliyo nayo sasa, tulitumika katika ofisi moja isiyo ya Serikali, ambayo hatutaitaja. Alikuwapo dada mmoja, karani mwenzetu, aliyetutangulia kazini, naye ndiye aliyetufundisha kuandika kitabu cha fedha. Ikaja nafasi ya mafunzo ya hesabu huko Dar es Salaam, na jina lake likawa la kwanza katika orodha. Sisi tuliipiga chapa orodha ile kwa mikono yetu. Siku chache baadaye mkubwa wetu akatuita, akatuambia tuiandike upya, tulitoe jina la dada yule, tutie la kijana aliyekuwa chini yake. Akasema, "Huyu ana mzigo wake tayari." Dada yule alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Tuliiandika upya. Hatukuuliza neno. Orodha ya kwanza tukaichana, kwa kuwa desturi ya ofisi ilikuwa karatasi iliyoharibika isibaki mezani.

Dada alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwa upole kwamba apumzike kwanza, akishajifungua wataona. Akanyamaza. Akajifungua salama, akamaliza likizo yake ya siku 84, akarudi. Siku moja alikuja mezani petu, akaegemea kabati la majalada, akauliza, "Kaka, ile orodha ya kwanza ipo?"

Haikuwapo. Tulimwandikia barua nzuri yenye maneno makubwa, lakini barua ile haikuwa na kitu cha kushika. Nasi wenyewe tulikuwa ushahidi, maana tulisikia neno la mzigo kwa masikio yetu. Lakini yeye hakutuita, nasi hatukujitoa. Tuliogopa kibarua chetu. Yule kijana alirudi mafunzoni, akapandishwa cheo, na dada yule akawa chini ya mtu aliyemfundisha kazi. Tangu siku hiyo ndipo tulipoanza kusoma sheria, na tuliyoyasoma yalituumiza zaidi, kwa sababu tuliona kwamba haki ilikuwa yake tangu mwanzo.

Sheria yenyewe yasema nini? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 iliingizwa haki za raia kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Ibara ya 13 yakataza ubaguzi, ibara ya 22 yampa kila raia nafasi iliyo sawa na ya wenzake katika kazi, na ibara ya 23 yasema juu ya ujira wa haki pasipo ubaguzi. Nchi yetu kadhalika ilikubali mwaka 2002 kufungwa na mapatano namba 111 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1958, yanayokataza ubaguzi katika ajira na kazi.

Lakini sheria iliyo karibu zaidi na meza ya karani ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo, kama ilivyotungwa, chamkataza mwajiri kumbagua mtumishi, kwa wazi au kwa kificho, kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila au mahali alikotoka, asili yake, maoni yake ya siasa au dini, kuwa mwanamume au mwanamke, uja uzito, ndoa au majukumu ya jamaa, ulemavu, virusi vya ukimwi, umri, au hali yake ya maisha. Tena kumsumbua au kumdhalilisha mtumishi kwa sababu hizo ni ubaguzi vile vile.

Wala msidhani kwamba sheria hutazama mshahara na kufukuzwa tu. Hutazama tangazo la kazi na namna ya kuchagua watu. Hutazama vyeo, malipo, mgawanyo wa kazi, mafunzo, kupimwa kazi, kupandishwa, kuhamishwa, kushushwa na adhabu. Hata mtu aliyeomba kazi tu, asiyeipata bado, amewekwa chini ya kivuli cha kifungu hicho. Basi tazameni habari ya dada yetu: uja uzito umetajwa, na mafunzo yametajwa. Shauri lake lilikuwa limeandikwa katika sheria kabla halijatokea.

Sasa yapo maneno matatu ambayo kila karani ayashike.

La kwanza ni juu ya kuthibitisha. Wengi wetu husema, "Nitawezaje kuthibitisha kilichomo moyoni mwa mkubwa?" Sheria haikutaka hayo. Yataka mlalamikaji aonyeshe mambo ambayo, mtu akiyatazama kwa mara ya kwanza, yataonekana kuwa ni ubaguzi. Akiisha kuyaonyesha, mzigo wahama: ni mwajiri sasa atakayethibitisha kwamba jambo lile halikutokea, au kwamba lilitokea kwa sababu nyingine iliyo halali. Jirani zetu wa Kenya nao wameliweka jambo hili katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, kwamba mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kama orodha mbili zingalikuwapo, pamoja na tarehe zake, na neno la mzigo likiwa limeandikwa siku lilipotamkwa, dada yetu angalitimiza sehemu yake. Kuonyesha mambo hayo hakuhitaji mwerevu wa sheria. Kwahitaji karani.

La pili ni juu ya siku. Ugomvi wa kazi hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Kwa kanuni za mwaka 2007, mtu aliyeachishwa kazi apeleka shauri lake katika muda wa siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho juu ya kumwachisha. Magomvi mengine yote hupelekwa katika muda wa siku 60 tangu yalipozuka. Siku 60 ni chache, ndugu zetu. Ni miezi miwili tu, na nusu yake hupita mtu akingali analia na kushauriwa na jamaa. Wala tusijidanganye kwamba mazungumzo ya ofisini yatasimamisha hesabu ya siku. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini mtu aliyechelewa asikate tamaa papo hapo. Aweza kuiomba Tume imkubalie kuchelewa, akieleza sababu njema na kuonyesha kila siku ilipotea kwa nini. Jambo hili sisi hatukulijua siku zile, nasi twajuta.

La tatu ni juu ya mambo yasiyo ubaguzi. Si kila ukali ni ubaguzi. Mkubwa anayewafokea wote sawasawa ni mtu mbaya, na yaweza kuwa na dawa yake nyingine, lakini habagui. Sheria yakubali kwamba mwajiri achague kwa sifa ambayo kazi yenyewe yaitaka. Yakubali hatua za kuwainua walioachwa nyuma. Yakubali pia raia watangulizwe kama sheria za ajira zilivyoagiza. Kwa mfano, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua tatu katika kila mia. Mtu aliyekosa nafasi kwa sababu hiyo asilalamike kwamba amebaguliwa. Tukipeleka mbele ya Tume kila kinyongo cha mezani, siku ya ubaguzi wa kweli hatutasadikiwa.

Basi mtu aliyebaguliwa afanye nini? Tutasema kama tunavyofundishana kazi ya masjala, hatua kwa hatua.

Siku ile ile aandike. Asingoje kesho. Aandike tarehe, saa, mahali, nani alisema, alisema maneno gani, na nani alikuwapo. Aandike maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, wala asiyapambe. Aliyeambiwa "ana mzigo wake" aandike hivyo hivyo, asiandike "alinitukana sana." Daftari hilo liwe lake, likae nyumbani kwake, wala lisiwekwe katika meza ya ofisi. Kama maneno yalikuja kwa simu, ayatunze yalivyo.

Pili, akusanye karatasi zilizo zake: barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, fomu za kupimwa kazi, barua za sifa, matangazo yaliyobandikwa ukutani. Twasema zilizo zake, maana karani hana ruhusa ya kutorosha jalada la siri, na akifanya hivyo atampa mwajiri sababu ya kumwondoa pasipo kusema habari za ubaguzi. Karatasi asiyoweza kuichukua, aandike namba yake ya kumbukumbu na tarehe yake, ili Tume au mahakama ikiitaka ijue pa kuitafuta.

Tatu, amwandikie mwajiri kwa adabu, aeleze jambo, aombe sababu kwa maandishi, na abaki na nakala iliyotiwa mhuri wa kupokelewa. Mwajiri akijibu, jibu lake ni ushahidi. Asipojibu, kimya chake nacho ni habari. Tena aulize kuhusu mpango wa usawa. Sheria yamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza nafasi sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi, na mpango huo hutazamwa shauri linapofika mbele. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kuuliza, "Mpango wetu uko wapi?"

Nne, apeleke habari kwa chama chake cha wafanyakazi, na kwa afisa kazi, maana kubagua si ugomvi wa watu wawili tu bali ni kosa chini ya sheria.

Tano, kabla siku hazijakwisha, ajaze fomu namba 1 ya Tume, ampe mwajiri nakala, na aweze kuonyesha kwamba mwajiri ameipokea. Mbele ya Tume kwanza kuna usuluhishi. Msuluhishi hahukumu, huwakalisha pande mbili wapatane, naye amepewa siku 30, isipokuwa wenyewe wakubaliane kwa maandishi kuongeza. Mlalamikaji aweza kusindikizwa na mwanachama au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au wakili, au mtu mwingine aliyemchagua. Asikose siku aliyoitwa, maana shauri laweza kufutwa. Wakishindwa kupatana, shauri huendelea mbele ya mwamuzi wa Tume au katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kwa kadiri ya aina ya madai. Na asiyeridhika na uamuzi wa mwamuzi ana wiki sita tangu kupokea uamuzi huo za kuiomba Mahakama hiyo iutazame upya.

Wanachama walio katika utumishi wa umma watege sikio hapa, maana njia yao ina mlango mwingine wa mbele. Kwa marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hana budi kumaliza kwanza njia zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Na. 8 ya mwaka 2002, kabla hajaingia katika njia ya sheria za kazi tulizozitaja. Aliyepewa adhabu na mamlaka yake ya nidhamu hukata rufaa kwa mamlaka iliyo juu, na wengi wetu rufaa zao huenda Tume ya Utumishi wa Umma, katika muda wa siku 45. Tume hiyo hupokea malalamiko vile vile. Wapo waliokimbilia Tume ya Usuluhishi wakarudishwa mlangoni kwa kutojua jambo hili, na siku zikawa zimekwenda. Tena haya yote ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005.

Sasa tuseme juu ya hofu, kwa kuwa bila kusema juu ya hofu tumesema nusu. Mtu hujua haki yake, na daftari analo, lakini usiku hulala akifikiri ada ya watoto na kodi ya nyumba. Husema, "Nikilalamika nitafukuzwa." Hofu hiyo si ujinga, nasi hatuwezi kuicheka, maana sisi wenyewe ilitufunga kinywa. Lakini na ijulikane kwamba sheria ya 2004 imeliona jambo hilo pia. Kumwachisha mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria si sababu ya haki. Kumwachisha kwa uja uzito, au kwa ulemavu, au kwa njia ya ubaguzi, si sababu ya haki. Na katika shauri la kuachishwa, mwajiri ndiye athibitishaye kwamba alimwachisha kwa haki. Akishindwa, aweza kuamriwa amrudishe mtumishi kazini au amlipe fidia. Ni kweli kwamba sura hiyo ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mtu aliyetumika chini ya miezi sita. Lakini kifungu cha ubaguzi chamhusu hata mgeni wa jana.

Hata hivyo sheria haina miguu. Yakaa kitabuni mpaka mtu aichukue. Na mtu mmoja akiwa peke yake huona uzito wa kuichukua. Mpagazi aliyetua mzigo chini aliweza kufanya hivyo kwa sababu msafara wote ulikuwa ukimtazama, na kirangozi asingeweza kuwaacha wote porini. Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu maombi matatu, na twaomba Bwana Katibu ayaandike.

Tunaomba kila mwanachama awe na daftari lake la kazi tangu wiki hii, dogo tu, la shilingi chache, ambamo ataandika tarehe na mambo. Asingoje kudhulumiwa ndipo anunue. Mzigo hupimwa kabla ya safari.

Tunaomba wanachama wawili wachaguliwe, mwanamume na mwanamke, wajifunze muda wa kila shauri na fomu zake, ili mwenzetu akipatwa na jambo apate mtu wa kumhesabia siku na kumsindikiza. Yeye mwenye uchungu hawezi kuhesabu vizuri.

Na ombi la tatu ni gumu kuliko yote, kwa kuwa latugusa sisi tunaoketi mbele ya mashine. Karani akiambiwa aandike upya orodha, na jina moja litolewe, aulize kwa adabu: "Bwana, niandike sababu gani katika jalada?" Ni swali la kazi tu, si la uasi. Mwenye sababu njema ataitaja, nayo itaandikwa, na hapo hakuna aliyedhulumiwa. Asiye na sababu njema atakaa kimya kidogo, na mara nyingine atarudisha jina. Na orodha ya kwanza isichanwe. Itiwe tarehe, ifungwe katika jalada mahali pake, kama masjala inavyotaka.

Swali lile lingalituchukua muda wa kumeza mate. Hatukuliuliza. Dada yetu yule angali hai, na bado ni fundi wa hesabu kuliko sisi sote; tukikutana naye njiani hutusalimu vizuri, naye hajatutajia habari ile tena. Lakini sisi twajua kwamba orodha aliyoitafuta siku ile ilichanwa na mikono yetu, wala si ya mkubwa.

Bwana Mwenyekiti, wazee wa 1922 walikuwa na kalamu, na adui yao alikuwa ameandikwa wazi. Sisi tuna kalamu ile ile, na sheria iliyo upande wetu, ambayo wao hawakuwa nayo. Kilichobaki ni kwamba karani aliyewaandikia wengine miaka yote aandike na yake, na ya mwenziwe, siku ile ile inapotokea.

Tumemaliza. Mwenye swali na aulize, nasi tutajibu tunayoyajua.